Injini Niliyoitafuta Angani

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katikati ya kila galaksi pana injini. Sikuwa nikisema kwa mafumbo. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Malindi, na kazi imenifunza kwamba chombo kikienda, kipo kinachokiendesha: mashua ina tanga, dau lina pondo, boti ina mashine. Basi niliposoma kwamba Jua letu, pamoja na sayari zake zote na sisi tulio juu ya mojawapo, linazunguka ndani ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe kwa kasi ya kilomita 230 hivi kila sekunde, na kwamba hata kwa kasi hiyo mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka milioni 200, swali lililonijia lilikuwa la kifundi. Mashine iko wapi? Inakula mafuta gani?

Jibu nililiona Aprili 2019, redio ilipotangaza kwamba imepatikana picha ya kwanza ya shimo jeusi. Lilikuwa shimo la katikati ya galaksi iitwayo M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa, lenye uzito wa Jua letu mara bilioni 6.5. Niliitafuta picha yenyewe kwenye simu, nikakaa nayo: pete ya rangi ya chungwa, na giza katikati. Nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba kutoka katikati ya M87 hutoka mkondo mwembamba wa chembe zinazokaribia mwendo wa nuru, mkondo wenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru. Nikasema, hiyo ndiyo mashine, na huo mkondo ndio msukumo wa rafadha yake.

Nikanunua daftari kubwa, nikaanza kuandika. Dhana yangu ilikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, shimo jeusi linajizungusha na kuzikokota nyota zote za galaksi zizunguke nalo. Ya pili, mkondo unaotoka humo huisukuma galaksi nzima ikasafiri angani. Ya tatu, galaksi zinazidi kuachana kwa sababu kila moja inajisukuma kwa mashine yake. Nilichora michoro, nikaweka mishale, nikapaka rangi. Ninaiheshimu dhana ile hadi leo, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekuwa akitazama juu kwa moyo wake wote na kutumia kile alichokijua.

Lakini daftari lile lilinibadilisha tabia, nami sikuliona jambo hilo likitokea. Kila habari mpya niliyoisikia iliingia humo kama ushahidi, na hakuna hata moja iliyowahi kubishana nami. Mei 2022 ilipotolewa picha ya shimo jeusi la katikati ya Njia Nyeupe yetu, nilishangilia kana kwamba ni mimi niliyeipiga. Nilikuwa nimewaandikia wahadhiri wa chuo kimoja kuwaeleza dhana hii, na sikupata jibu. Ukimya ule ukaniingia moyoni ukakaa. Nikaanza kuwaambia wenzangu barazani kwamba elimu ya nyota ina walinzi mlangoni, na mtu wa bandarini hata akija na lulu mkononi hapiti. Wenzangu ni watu wa adabu, walinisikiliza, kisha wakageuza mazungumzo yakaenda kwenye bei ya mafuta na samaki. Nami nikazidi kujifungia.

Aliyenitoa humo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa akisoma fizikia chuo kikuu. Alikuja likizo, akaliona daftari, akaniomba alisome. Akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro. Sidhani kama anajua heshima ile ilikuwa na maana gani kwangu. Kesho yake alikuja karakana, akaketi juu ya kreti.

"Mjomba, nimeisoma yote. Sasa naomba tuipigie hesabu."

Nilimwambia hii si dhana ya hesabu, ni dhana ya kuelewa. Akatabasamu, akachukua boksi tupu la vipuri, akalikunjua, akaandika upande wake wa ndani kanuni ya Newton. Kanuni yenyewe si ngumu kama nilivyodhani. Ukijua kasi ya kitu kinachozunguka, uizidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa umbali wake kutoka katikati, halafu ugawe kwa ile namba thabiti ya uvutano, unapata uzito wote unaokishika kitu hicho kisitoroke. Unaweza pia kuigeuza: ukijua uzito, unapata kasi.

Tukaigeuza. Shimo jeusi la Njia Nyeupe lina uzito wa Majua milioni 4 na kitu. Sisi tuko umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kwake. Tukauliza: ikiwa shimo hili peke yake ndilo linaloliongoza Jua, Jua linapaswa kwenda kasi gani? Nilishika kikokotoo mimi mwenyewe, kwa sababu nilitaka vidole vyangu ndivyo vibonyeze. Jibu likatoka: kilomita 1.5 kwa sekunde. Tukarudia, likatoka lile lile. Na Jua linakwenda kilomita 230.

Kisha tukaifuata kanuni kutoka upande wa pili. Ili Jua lizunguke kwa kasi linayokwenda, ndani ya mzunguko wake panahitajika uzito wa Majua bilioni 100 hivi. Shimo jeusi, lile nililoliita mashine, ni sehemu moja tu kati ya zaidi ya 20,000 za uzito huo. Lingeondolewa kesho, Jua lingeendelea na safari yake bila tofauti ya kuonekana.

Watu wakinisikia nikisimulia hapa hudhani nilivunjika moyo. Sivyo. Nilichokisikia kilikuwa furaha, na furaha ya aina nisiyoijua kabla. Miaka yote ile nilikuwa nikizungumza mimi tu, na mbingu zikinyamaza. Siku ile, kwa mara ya kwanza, zilinijibu. Zilisema hapana, kwa namba, na namba ile ningeweza kuihakikisha mwenyewe kwa kikokotoo cha dukani. Nilimwomba mpwa wangu anifundishe kanuni nyingine jioni ile ile.

Badala ya kanuni akaniuliza swali. "Mjomba, ukizima mashine katikati ya bahari, kwa nini boti inasimama?"

Nikamwambia maji yanaishika.

"Na kama hakuna maji? Hakuna upepo, hakuna chochote cha kuishika?"

Sikujibu upesi. Nimezima mashine baharini mara zisizo na idadi, nimeisikia boti ikiteleza kisha ikichoka, na kila mara niliona kwamba boti husimama kwa sababu mashine imezimwa. Galileo na Newton waliligeuza jambo hili zaidi ya karne tatu zilizopita: kwenda hakuhitaji sababu ya kukudumisha. Kinachohitaji sababu ni kubadilika, yaani kuongeza kasi, kupunguza, au kukata kona. Baharini mashine inafanya kazi ya kushindana na maji. Huko nyota zilipo, hapana maji. Nyota iliyokwisha kuwa mwendoni itaendelea, na swali la haki ni nini kinachoipinda njia yake ikawa mzunguko badala ya kwenda moja kwa moja isirudi. Basi nikaacha kutafuta kinachosukuma, nikaanza kutafuta kinachoshika.

Na mwendo wenyewe ulitoka wapi? Kutoka kwenye kuanguka. Galaksi zilianza kama mawingu makubwa ya gesi yaliyojikusanya kwa uvutano wake yenyewe. Kila wingu lilivutwa kidogo upande na majirani zake, likapata mzunguko hafifu, na kadiri lilivyojikusanya ndivyo mzunguko ule ulivyozidi kasi. Mafuta niliyokuwa nikiyatafuta ni kule kuanguka kwa zamani sana, ambako hakuna kilichokuja kukusimamisha.

Nguzo yangu ya pili, ile ya mkondo, ilikwenda baada ya hapo kwa urahisi. Mikondo ya mashimo meusi kwa kawaida hutoka miwili, mmoja huku na mwingine upande wa pili, na misukumo yake ikafutana. Na Njia Nyeupe yetu leo haina mkondo wa namna ile kabisa, ilhali sisi na galaksi jirani zetu tunasafiri pamoja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 600 kwa sekunde tukipimwa dhidi ya ile nuru kongwe iliyobaki tangu Mlipuko Mkuu.

Lakini yale Majua bilioni 100 hayakuniacha. Yako wapi? Hapa ndipo nilipokutana na mtu ninayempenda kama ndugu ingawa sikuwahi kumwona, Vera Rubin wa Marekani. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 22, alisimama mbele ya wanaastronomia akauliza kama galaksi zina mwendo wa pamoja ulio mbali na ule wa kuachana tu. Hakupokewa vizuri. Hakujifungia. Akarudi kwenye vipimo, akavifanya kwa subira, na mwaka 1970, yeye na Kent Ford, aliyekuwa ametengeneza chombo bora cha kuchambua nuru, wakachapisha kasi za sehemu mbalimbali za galaksi ya Andromeda.

Walichokikuta kinaeleweka ukianza na sayari. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Neptuni, iliyo mbali mara 30 zaidi, inakwenda kilomita 5.4 tu. Ukiwa mbali na uzito unaokuvuta, unakwenda polepole. Katika galaksi, nyota nyingi zimesongamana katikati, kwa hiyo zile za pembezoni zilitarajiwa kujikokota. Hazijikokoti. Katika Andromeda, na katika galaksi nyingi ambazo Rubin na wenzake walizipima baadaye, za pembezoni zinakwenda karibu kwa kasi ile ile ya za ndani. Kuna kinachozishika ambacho hakitoi nuru, nacho kinazidi kadiri unavyotoka nje.

Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili mwaka 1933 kwa upana zaidi. Aliangalia kundi la galaksi liitwalo Coma, akaona galaksi zake zinakimbia kasi kubwa mno kuliko uvutano wa nyota zinazoonekana unavyoweza kuzuia. Kundi lile lilipaswa kuwa limetawanyika zamani. Akaandika kwamba pana maada ya giza. Kwa miaka mingi wachache sana walilitilia maanani neno lake.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu liko nyumbani kwetu. Kaskazini mwa Malindi, pale Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma ndani ya bahari miaka ya 1960, wakayaita San Marco. Kwetu tulisema tu kambi ya Wataliano. Mjomba wangu mimi alifanya kazi huko, akipakia mizigo kwenye boti za kwenda majukwaani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka pale ikiwa na setilaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama mbingu kwa eksirei. Eksirei za angani hazifiki chini, hewa yetu huzimeza zote, kwa hiyo bila kupanda juu huzioni.

Jina lile nililijua tangu utotoni. Kilichofanywa na chombo chenyewe sikukijua mpaka nilipofika hapo katika kutafuta kwangu. Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi, likiwemo lile la Coma la Zwicky, yanang'aa kwa eksirei, na nuru hiyo haitoki ndani ya galaksi moja moja bali imetanda kote baina yake. Setilaiti zilizofuata zikathibitisha kwamba ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, gesi nyingi kuliko nyota zote za galaksi zile zikijumlishwa. Chembe za gesi yenye joto kama hilo hukimbia mno. Uvutano wa galaksi tunazoziona usingeweza kuizuia, ingekuwa imevuja ikaisha. Lakini ipo. Basi Zwicky alipima galaksi, wengine wakapima gesi, na njia mbili zisizojuana zikafika kwenye jibu moja: humo ndani pana uzito wa maada isiyoonekana, mara kadhaa kuliko gesi na nyota pamoja.

Mkuu wa kazi ile ya eksirei, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Kila mtoto wa pwani hii angepaswa kufundishwa habari hii kabla hajamaliza shule ya msingi. Sehemu ya jibu la nini kinazishika galaksi ilipaa kutoka maji ambamo baba zetu walivua samaki.

Mpwa wangu aliporudi likizo nyingine alinikuta nimegeuka mtetezi mkali wa maada ya giza, naye akaniletea kisa cha sayari ya Utaridi. Mwaka 1846 Urbain Le Verrier wa Ufaransa aliona kwamba sayari ya Uranus haiendi inavyotakiwa, akapiga hesabu, akasema kuna sayari isiyoonekana inayoivuta. Johann Galle huko Berlin akaelekeza darubini, akaikuta Neptuni karibu kabisa na pale alipoambiwa. Kisha Le Verrier akaona kwamba Utaridi nayo ina kasoro katika njia yake, akasema vilevile: kuna sayari nyingine iliyofichika karibu na Jua. Ilitafutwa miaka na miaka isionekane. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba hakuna sayari yoyote iliyofichika, ila kanuni ya uvutano ya Newton ndiyo inayohitaji kupanuliwa. Kasoro mbili zilizofanana, majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo galaksi zinaweza kuwa na kisa cha Neptuni au kisa cha Utaridi. Mordehai Milgrom wa Israeli alichagua cha pili mwaka 1983, akapendekeza kwamba uvutano hubadilika pale unapokuwa hafifu mno. Nimelisoma pendekezo lake kwa heshima kubwa, kwa sababu lilitaja kipimo kamili cha pale mabadiliko yanapoanzia, likasema kabla ya vipimo jinsi galaksi hafifu zitakavyozunguka, na nyingi zikazunguka hivyo. Kwenye makundi makubwa ya galaksi, yale yale ya gesi ya eksirei, linakwama: bado uzito hautoshi. Mimi ninaegemea maada ya giza. Lakini nimeelewa kilichoitofautisha kazi ya Milgrom na daftari langu, na si cheo. Yeye alieleza tangu mwanzo ni kitu gani, kikionekana, kitamkanusha.

Nguzo yangu ya tatu, ya galaksi kuachana, ilinichukua muda mrefu kuliko zote, na nakiri ni jambo linalonishangaza hata sasa ninapoandika. Kuanzia mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa Flagstaff huko Arizona, alipima nuru ya galaksi ambazo wakati ule ziliitwa mawingu ya mbali, akapata mwendo wake. Andromeda ilikuwa inakuja kwetu. Karibu nyingine zote zilikuwa zinakwenda zake. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, na mwaka 1929 Edwin Hubble, wakaonyesha kwamba iliyo mbali zaidi huondoka kwa kasi zaidi: kwa vipimo vya leo, kilomita 70 hivi kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Galaksi zile hazipiti angani zikitukimbia. Nafasi yenyewe baina yetu inatanuka. Hakuna rafadha inayohitajika, kwa sababu hakuna kinachosukumwa. Na mwaka 1998 timu mbili zilizopima supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, zikakuta kutanuka huko kunazidi kasi badala ya kupungua, na kisababishi kikapewa jina la nishati ya giza.

Timu hizo ndizo zilizonirudisha kwa watu kama mimi. Supanova huwa haitangazi siku ya kutokea, lazima iwindwe. Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia, aliwinda supanova kwa jicho lake na darubini ya nyumbani usiku baada ya usiku, akigundua zaidi ya 30, na wanasayansi walimheshimu kwa kazi hiyo. Mwaka 2007 ulipoanzishwa mradi wa Galaxy Zoo, wa watu wa kawaida kusaidia kupanga picha za galaksi kwa maumbo yake, Hanny van Arkel, mwalimu wa shule Uholanzi, aliona karibu na galaksi moja doa la ajabu ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote. Likaja kujulikana kuwa wingu kubwa la gesi linaloendelea kung'aa kwa nuru ya shimo jeusi lililokwisha kutulia. Yeye aliuliza, wanasayansi wakasikiliza. Walinzi niliowasimulia barazani sikuwaona tena. Nami nikajiunga kupanga galaksi, na baadhi ya jioni, baada ya kunawa grisi mikononi, nafanya kazi hiyo.

Mabadiliko hayakubaki angani. Zamani nahodha akiniambia mashine haina nguvu, nilimwambia ugonjwa wake kabla hajamaliza kueleza, na mara nyingi nilipatia, jambo lililozidi kunipa kiburi. Sasa napima mgandamizo wa kila silinda kwanza, ndipo nafungua mdomo. Vijana ninaowafunza wanaruhusiwa kunibishia mradi waje na kipimo, na karakana imekuwa na kelele zaidi na kazi bora zaidi. Wazee wawili watatu walihofu kwamba hesabu hizi zitanipunguzia imani. Imekuwa kinyume. Katika karne ya 10, huko Isfahan, Abd al-Rahman al-Sufi aliandika juu ya Andromeda akiieleza kuwa wingu dogo, na mwezi wa Novemba mbingu zikiwa safi naiona kwa macho upande wa kaskazini, wingu lile lile aliloliona, nami namshukuru Mungu kwa kuniweka katika msafara mmoja na watu kama huyo.

Siku hizi ninalolishughulikia liko upande wa kusini. Wakati wa kaskazi, ukitoka mbali na taa za mji, utaliona chini karibu na upeo wa macho Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 kutoka kwetu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni nyepesi mno kuisumbua Njia Nyeupe. Sasa imejulikana ni nzito kiasi cha kuivuta galaksi yetu nzima na kuisogeza. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliokadiria kwamba kugongana kwetu na Andromeda, kulikosemwa kwa miaka kuwa ni kwa hakika, kuna nafasi ya nusu kwa nusu tu katika miaka bilioni 10 ijayo, na uvutano wa wingu hilo ni mojawapo ya sababu zinazoweza kutuepusha.

Mpwa wangu nami tumebishana juu ya uzito wa wingu hilo. Yeye anasema ni Majua bilioni 200 au zaidi. Mimi, kwa hesabu niliyoifanya kwa mkono na kumtumia picha ya karatasi, nasema ni bilioni 150, na ukiwa chini ya 120 au juu ya 180 nitakuwa nimekosea. Tumeandika namba zote mbili na tarehe, kila mmoja ana nakala. Chombo cha Gaia, kilichopima mahali na mwendo wa karibu nyota bilioni 2 kabla ya kumaliza kazi Januari 2025, kina awamu ya nne ya vipimo inayotarajiwa kutolewa Desemba 2026. Tumekubaliana kuzifungua karatasi zetu tena hesabu mpya za uzito wa wingu lile zitakapotoka katika vipimo hivyo.